Usiku Uliohama: Wanamuziki wa Mashariki ya Kongo na Kumbi za Ugenini

Mwishoni mwa mwaka 2024 vijana wa Kenya waliuchukua wimbo wa zamani wakaugeuza kijembe cha kisiasa. Wimbo wenyewe ni "Kasongo" wa Orchestra Super Mazembe, uliotoka Nairobi katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, na jina hilo likabandikwa Rais William Ruto. Watu waliozaliwa miaka mingi baada ya santuri ile kutoka walikiimba kwa moyo kilio cha mke anayemsihi mumewe Kasongo arudi nyumbani. Wachache waliuliza waimbaji wenyewe walitoka wapi. Walitoka Zaire, yaani Kongo ya leo, upande wa kusini-mashariki, wakapitia Zambia, wakaingia Nairobi mwaka 1974 na kuweka maskani huko. Ndiyo kusema mwito mashuhuri wa kumtaka mtu arudi kwao uliimbwa na watu ambao wenyewe walikuwa wamekwisha kuondoka kwao. Swali la makala hii ni kwa nini waliondoka, na kwa nini pengo la kuondoka kwa watu kama hao halijazibwa mashariki ya Kongo, kuanzia Bukavu hadi Minova na Goma.

Kumbukumbu za kumbi za zamani huandikwa kwa namna moja karibu kila mahali: majina ya bendi, majina ya waimbaji, suruali pana na viatu vya soli nene, kisha majuto kwamba muziki wa siku hizi hauna ladha. Masimulizi hayo yanafurahisha lakini hayafafanui kitu. Yanamwachia msomaji imani kwamba zama zile zilijaliwa vipaji na zama hizi zimenyimwa. Hoja yangu ni nyingine. Kipaji hakijawahi kupungua katika nchi yetu ya Kongo. Kilichopungua ni usiku, yaani zile saa za kati ya magharibi na alfajiri ambazo mtu anaweza kutoka kwake, akalipa kiingilio, akacheza, akarudi salama, na mwenye ukumbi akabaki na fedha za kumlipa mpiga gitaa. Muziki wa dansi ni kazi ya usiku kama ulivyo uvuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza katika Ziwa Kivu: ukiufunga usiku umeifunga kazi. Usiku ulipovunjika, mwanamuziki alibaki na njia mbili, kuhama au kubadili kazi. Historia ya wanamuziki wa mashariki ya Kongo tangu miaka ya 1960 ni historia ya watu walioufuata usiku kule ulikohamia.

Ushahidi wa kwanza uko Dar es Salaam. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kilianzisha NUTA Jazz, bendi ambayo baada ya kubadili majina mara kadhaa inajulikana leo kama Msondo Ngoma. Mwaka 1971 umoja wa vijana wa chama tawala ukawa na Vijana Jazz. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park chini ya shirika la umma la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Katika bendi hizi vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mwanamuziki alikuja na koo lake au vidole vyake, akapewa gitaa au tarumbeta, na mwisho wa mwezi akapokea mshahara kama karani au fundi. Ratiba ya wiki ilijulikana: bendi fulani, ukumbi fulani, siku fulani. Ushindani wao haukuishia kwenye mitindo na majina ya mapigo, kwa sababu bendi ziliibiana watu kwa ahadi ya malipo bora. Mwaka 1985 Mlimani Park ilinyang'anywa baadhi ya nguzo zake kuu, wakaenda kuunda International Orchestra Safari Sound. Wapenzi wa dansi walilia usaliti, lakini mtu anayeelewa kazi ataona jambo jingine hapo: wanamuziki walikuwa na soko la ajira, na soko hilo liliishi kwa sababu kumbi zilijaa.

Katika soko hilo waliingia Wazaire, nao hawakuwa na chama wala shirika nyuma yao. Orchestra Maquis du Zaire, ambayo baadaye iliitwa Maquis Original, ilifika Dar es Salaam katika miaka ya mwanzo ya 1970 ikitokea kusini-mashariki mwa Zaire. Ilijenga himaya yake White House, Ubungo, kisha Lango la Jiji, Magomeni, ikatamba kwa mtindo wa Kamanyola, jina la mji mdogo wa bonde la Ruzizi kusini mwa Bukavu ambao Rais Mobutu aliufanya nembo ya ushindi wa jeshi lake. Maquis ilikwenda mbali zaidi ikaunda kampuni yake yenyewe, OMACO, ili mapato ya ukumbini yawe mali ya wanamuziki. Jambo hili lina uzito mkubwa kuliko orodha yoyote ya nyimbo zao. Linaonyesha kwamba kundi la wageni, wakiwa na vyombo, ukumbi wa kudumu na mji unaolala kwa amani, waliweza kujigeuza kutoka wasafiri wakawa waajiri.

Nairobi inatoa ushahidi wa pili. Ilunga wa Ilunga, aliyejulikana kama Baba Gaston, aliondoka Zaire na bendi yake Baba Nationale, akapiga Dar es Salaam tangu 1971, kisha akahamia Nairobi mwaka 1975. Mwaka uliofuata baadhi ya vijana wake walimwacha wakaunda Les Mangelepa. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alipitia Kampala na kundi la Les Kinois, akafika Nairobi mwaka 1977, na mwaka 1981 akaanzisha Orchestra Virunga, iliyobeba jina la milima ya volkano inayoonekana kutoka ufukwe wa Ziwa Kivu. Nairobi ilikuwa na makampuni ya kurekodi na viwanda vya santuri, na wengi hudhani hicho ndicho kilichowavuta. Ni kweli kwa sehemu tu. Santuri ilimpa mwanamuziki jina. Kodi ya nyumba ililipwa na ukumbi. Ndiyo maana bendi za Wazaire zilipobanwa na vibali vya kazi katika miaka ya 1980, kadhaa zilitetereka au kutawanyika, ilhali nyimbo zao zilikuwa zinapigwa redioni kila siku. Redio haikuwanyima kitu, wala wanunuzi wa santuri hawakuwakimbia. Walinyimwa jukwaa, na jukwaa ndilo lililokuwa mwajiri.

Kwa nini basi wanamuziki wa upande wetu hawakufuata usiku wa Kinshasa, mji ambao dunia nzima iliujua kwa rumba? Wapo waliokwenda. Lakini ramani na ulimi vilisema mengine. Kutoka Bukavu hadi Kinshasa ni takriban kilomita 1,500 kwa ndege, na barabara ya kuaminika haipo. Muziki wa Kinshasa ulijengwa na studio kama Ngoma ya mwaka 1948 na Loningisa ya 1950, na lugha yake ilikuwa Kilingala. Kwa kijana aliyekua akizungumza Kiswahili, Kampala, Kigoma na Dar es Salaam zilikuwa karibu zaidi, kwa mwendo na kwa maneno. Mfano wake bora ni Remmy Ongala. Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mji uliokuwa katika jimbo la zamani la Kivu kabla halijagawanywa mwaka 1988 kuwa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, akahamia Matimila, na mwaka 1989 albamu yake Songs for the Poor Man ikatolewa na Real World ya Uingereza. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010, na hadi leo mtu akitaka kushuka kwenye kituo kimoja cha basi cha Sinza, Dar es Salaam, husema anashuka kwa Remmy. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mwana wa Kivu ya zamani alitunzwa alikocheza, na kwao hakuna kituo kinachoitwa kwa jina lake.

Sasa tuangalie usiku uliobaki nyuma. Julai 1964 waasi wa Simba waliiteka Kindu, na Agosti mapigano yakafika Bukavu. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliishikilia Bukavu kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba, wakauacha mji ukiwa umebomolewa na kuporwa. Ulifuata utulivu wa miaka ya Mobutu, lakini uchumi ukavunjika kwa mkono wa serikali yenyewe. Novemba 1973 maduka, mashamba na kampuni za wageni zilitwaliwa na kugawiwa watu ambao wengi wao hawakujua kuziendesha, na mara bei ya shaba ikaanguka. Ukumbi wa dansi ni biashara kama nyingine: unahitaji bia, mafuta ya jenereta, nyuzi za gitaa, vipaza sauti na vipuri vyake. Ukikosa hivyo, hata pasipo risasi, usiku unafupishwa. Kisha zikaja risasi. Bukavu iliangukia vitani Oktoba 1996, vita vya pili vikaanza Agosti 1998, mji ukatekwa tena kwa siku chache Juni 2004, na Februari 2025 wapiganaji wa M23 wakauingia. Kizazi kizima cha wapiga gitaa kimejifunza kazi katika mji ambao kila miaka kadhaa hufunga milango yake jua likitua.

Mtu anaweza kushuku kwamba nimechagua mifano inayonifaa. Basi tupime hoja kwa mji mwingine. Kampala ya miaka ya 1970 ilikuwa na kumbi zenye sifa na ilipokea bendi nyingi za Wazaire, zikiwemo Les Kinois na Makassy. Hofu ya utawala wa Idi Amin ilipozidi, watu wakawa wanatoweka na askari wakawa ndio wenye usiku, bendi hizo zilifunga vyombo vyao zikaelekea Nairobi na Dar es Salaam. Vipaji vilikuwa vile vile, nyimbo zile zile, wasikilizaji wale wale. Kilichobadilika ni saa za usiku. Lakini Kampala inatufundisha na upande wa pili. Afrigo Band, iliyoanzishwa mwaka 1975 katikati ya hofu hiyo, iling'ang'ania, na amani ilipoimarika ilikuta jiji linaloamka usiku. Mwaka 2025 ilitimiza nusu karne. Usiku uliohama unaweza kurudi, na ukirudi wanamuziki hurudi nao.

Minova ni mahali pazuri pa kuielewa hesabu hii, kwa sababu si mji mkubwa bali ni mlango. Uko katika eneo la Kalehe, kando ya ziwa, kwenye barabara inayounganisha Bukavu na Goma, na soko lake hulisha Goma kwa maharage, mihogo na ndizi. Bendi yoyote inayotaka kuishi mashariki ya Kongo inahitaji zaidi ya mji mmoja. Inahitaji mzunguko, Ijumaa hapa, Jumamosi kule, harusi ya Jumapili mahali pengine. Mzunguko huo hupita Minova. Na hapa ndipo tunapoona ulivyokatwa. Novemba 2012 wanajeshi wa serikali waliokuwa wakikimbia kutoka Goma walifika Minova wakapora na kubaka kwa siku kadhaa. Kesi ilipomalizika Mei 2014, kati ya washtakiwa 39 wawili tu walitiwa hatiani kwa ubakaji. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS walihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu zote mbili, vingi vikimtoza mpita njia. Mwaka 2024 mapigano yaliikata barabara ya kwenda Goma, watu na mizigo wakajazana kwenye boti, na tarehe 3 Oktoba boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikaua watu wengi. Januari 2025 Minova yenyewe ikatekwa. Anayeuliza kwa nini hakuna bendi kubwa inayozunguka kati ya Bukavu na Goma ajiulize kwanza ampli ingepita wapi.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni kwamba vita havikuua dansi, bali liliuawa na wakati. Hata Dar es Salaam yenye amani ilishuhudia kumbi zikipungua baada ya redio binafsi kuanza mwaka 1994, wacheza santuri wakaingia, bongo fleva ikazaliwa, na kijana akaona hakuna sababu ya kulipia bendi ya watu kumi na tano. Hilo ni kweli, na mtu asiyelikubali atakuwa anapenda zamani kuliko ukweli. Lakini tazama namna dansi lilivyopungua kule. Msondo na Mlimani Park, maarufu kama Sikinde, waliendelea kupanda jukwaani wakiwa wazee. King Kiki, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1947 akapitia Maquis na Safari Sound, aliipa bendi yake ya uzeeni jina la Wazee Sugu, na alipofariki Novemba 2024 Tanzania ilimlilia kama mtu wake. Les Mangelepa walitoa albamu mpya mwaka 2017, zaidi ya miaka arobaini baada ya kumwacha Baba Gaston. Penye usiku, muziki wa zamani ulipungua taratibu, ukapata warithi, ukabaki na kazi ya wikiendi na heshima yake. Mashariki ya Kongo muziki huo haukupewa nafasi ya kuzeeka. Kuna tofauti kati ya mtindo unaopitwa na wakati na kazi inayokatwa kabla ya wakati wake.

Pingamizi la pili linatoka Kinshasa. Wananchi wake waliteseka kwa uchumi ule ule, chini ya Mobutu yule yule, na bado muziki ulistawi. Mpiga gitaa Franco alijenga jumba lake la Un-Deux-Trois katikati ya miaka ya 1970, akaajiri makumi ya wanamuziki katika TPOK Jazz, na hadi alipofariki Oktoba 1989 bendi yake ilikuwa ngome. Je, si dhahiri kwamba shida haiui muziki, pengine hata huulisha? Jibu ni kwamba Kinshasa ilikuwa na umaskini lakini haikuwa uwanja wa vita. Mtu maskini anaweza kununua chupa moja ya bia na kukaa nayo hadi usiku wa manane. Mtu anayeogopa hawezi kununua hata saa moja. Wengine watasema fahari ile ilisimama juu ya fadhila za dikteta, na kwamba bendi za Tanzania zilibebwa na mashirika ya umma, kwa hiyo kuzililia ni kulilia mfumo uliokufa. Hapa mfano wa Maquis unajibu. Maquis haikuwa mali ya chama, shirika wala rais. Ilikula kwa kiingilio cha mlangoni. Haikuhitaji mfadhili ila mji ambao watu wake wanaweza kutoka.

Pingamizi la tatu ni la vijana, nalo ni zito zaidi. Wanasema ukumbi si lazima tena. Innoss'B, kijana wa Goma aliyezaliwa mwaka 1997, hakupitia shule ya ukumbi wa usiku kama wazee. Alianza na ndugu zake, akashinda shindano la vipaji la kampuni ya simu mwaka 2010, na mwaka 2019 wimbo wake "Yope" aliourudia na Diamond Platnumz ukatazamwa zaidi ya mara milioni mia moja mtandaoni. Kama mtoto wa Goma anaweza kufika kote huko kwa simu na studio, usiku una kazi gani? Nakubali kwamba mtandao umefungua mlango ambao Remmy Ongala hakuuona. Ila mtandao humwinua mmoja na kumwacha mia. Ukumbi wa Dar es Salaam ulimlipa mwimbaji, lakini ulimlipa pia mpiga besi, mpulizaji wa saksafoni, fundi mitambo, mkata tiketi na mama wa chipsi mlangoni. Nyota moja haijengi tabaka la wafanyakazi. Na hata nyota yetu ya Goma ilibidi itafute anga pengine ili iwake, jambo linaloturudisha pale pale tulipoanza na Baba Gaston.

Pingamizi la mwisho ndilo linalosemwa kwa sauti ya chini, kwa aibu kidogo: watu wanalala kambini, watoto hawana maziwa, na wewe unazungumzia dansi. Ningekubali kunyamaza kama muziki ungekuwa anasa tu. Lakini wanaotawala kwa bunduki hawaoni hivyo. Delcat Idengo, mwimbaji ambaye nyimbo zake kali zilimpeleka jela zaidi ya mara moja, alitoka katika gereza la Munzenze Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, na tarehe 13 Februari akapigwa risasi na kufa mjini humo. Hakuna anayemfunga mwimbaji kwa ajili ya anasa. Tena, wakazi wenyewe wa Goma walikwisha kulijibu swali hili. Februari 2014, miezi michache baada ya M23 ya wakati ule kushindwa, tamasha la Amani lilifanyika kwa mara ya kwanza na kuvuta umati wa maelfu. Watu waliokuwa wametoka vitani wangeweza kusema muziki usubiri. Walilipa tiketi wakaja, kwa sababu kukusanyika mahali pamoja bila kuogopana ilikuwa ndiyo dawa waliyoihitaji. Tamasha hata hivyo lilikuwa la siku tatu kwa mwaka. Mwanamuziki hula siku zote zilizobaki.

Na siku hizo anakula nini? Kanisa limekuwa ukumbi mpya: lina vyombo, lina umeme, lina waumini wanaokusanyika mchana, na limewafundisha vijana wengi kupiga kinanda na besi kuliko shule yoyote. Harusi na matanga hulipa kidogo kidogo. Mashirika ya misaada huagiza nyimbo za kuhimiza chanjo, kunawa mikono na maridhiano, hulipa vizuri mara moja, kisha mradi huisha. Hizi zote ni kazi halali, lakini angalia kilicho sawa katika zote: hufanyika mchana, na anayelipa ni kanisa, familia au mfadhili, si msikilizaji aliyekuja kwa ajili ya muziki. Haki za utunzi nazo hazijawa tegemeo. Kongo ilikuwa na shirika la haki hizo, SONECA, tangu 1969, ikaja SOCODA mwaka 2011, na malalamiko ya wasanii kuhusu mgawo hayajaisha. Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu, tukashangilia kwa haki kabisa. Lakini cheti hakimlipi mtu nauli. Hata upande wa bia, nguzo ya zamani ya ukumbi wa dansi, mambo yalibadilika: Juni 2025 Heineken, mmiliki wa kampuni ya bia ya Bralima, ilitangaza kwamba imepoteza udhibiti wa mali zake Bukavu na Goma, ikawaondoa wafanyakazi wake.

Kutokana na haya yote yapo mambo ambayo hayahitaji kusubiri vita viishe. Wazee waliopiga katika kumbi za Bukavu, Kindu na Kisangani, na wenzao waliobaki Nairobi na Dar es Salaam, wahojiwe na kurekodiwa sasa, kuhusu nyimbo zao na pia kuhusu mikataba, mishahara, wenye vyombo na njia walizopita, maana huko ndiko elimu ilikojificha. Maonyesho yafanywe mchana wa Jumamosi kwa kiingilio, hata kidogo, ili msikilizaji azoee tena kulipia muziki na kijana azoee kulipwa na msikilizaji. Kanisa, ambalo leo ndilo mwajiri mkubwa, limpe mpiga kinanda posho inayojulikana badala ya baraka peke yake. Na wanaoandika kuhusu rumba waache kuchora ramani inayoishia Kinshasa, kwa sababu nusu ya hadithi ya mashariki imehifadhiwa kwa Kiswahili, katika miji ambayo si yetu.

Lakini lililo kubwa zaidi liko juu ya uwezo wa msanii. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mkataba wa amani Washington, na kabla yake mikataba mingine ilikwisha kupita. Wanadiplomasia hupima amani kwa sahihi, majeshi huipima kwa kilomita. Mimi napendekeza kipimo cha tatu, ambacho hakidanganyiki kirahisi: bendi ya Bukavu ipige Goma Jumamosi, ilipwe kwa fedha za mlangoni, ipakie vyombo vyake na kurudi kwa barabara ya Minova usiku ule ule, bila kutoa chochote kwenye kizuizi na bila kuomba msindikizaji. Serikali au kundi lolote linalodai kwamba limeleta usalama lishindwe au lishinde kwa kipimo hicho. Likishinda, hatutakuwa na haja ya kuwasihi akina Kasongo warudi, kwa sababu mwanamuziki haitwi nyumbani kwa maneno. Anaitwa kwa kazi.